Joka Lililokonda

Uvumilivu uliniisha pale mwalimu alipolicheka daftari la binti yangu mbele yangu. "Mama, hili ni joka au mjusi? Kwenye filamu niliyowaonyesha lina mabawa na linatema moto!"

Juu ya picha alikuwa ameweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, darasa zima likamcheka, na tangu siku hiyo mwanangu hajagusa penseli.

Nikamfungulia mwalimu kitabu kilichotolewa filamu hiyo, tulichokuwa tukikisoma jioni nyumbani Nzuguni. Picha zake alizichora mwandishi mwenyewe. Joka lake ni dogo, limekonda, limejikunja juu ya jiwe kama linasikia baridi. Binti yangu alilionea huruma, akalichora hivyohivyo. La filamu linatisha, sikatai, lakini sijaona mtoto wa kulionea huruma.

"Siku hizi watu wanaangalia, mama, nani anasoma?" mwalimu akasema.

Niliandika barua, nikampelekea mwalimu mkuu: "Nalalamika rasmi kwamba mwanangu amepewa kosa kwa kuchora alichokisoma. Kitabu nimekiambatanisha. Naomba mwalimu akifungue, kisha amwambie mtoto, mbele ya darasa lililomcheka, kwamba hakukosea."