Waya wa Shaba

Ninamenya waya wa umeme nimtengenezee baba bangili ya viungo vinavyomuuma. Harufu ya shaba imeniganda vidoleni, na ghafla namwona kama siku ile ya utoto wangu, amechuchumaa uani, udongo mwekundu umemjaa magotini. Alikuwa ameing'oa azalea ya mama, kile kimti cha maua. Aliikata mizizi kwa msumeno, akaipanda katika beseni, kisha akayazungushia matawi yake waya wa shaba.

Mimi nilikuwa nimevaa bangili ya shaba aliyonivisha bibi nilipopata homa. Nikadhani mti nao unaumwa.

"Papa, iko mugonjwa?"

"Hapana. Ninaifunga ibakie kadogo. Kule tunahamia hakuna lupango ya kupanda miti."

Nikautazama mkono wangu. Bibi alitaka nipone, au nibaki mdogo hivi? Niliivua bangili, nikaitupa katika shimo la azalea, nikalifukia kwa miguu.

Leo azalea iko dirishani kwangu, haijafika hata magotini. Baba siku hizi ananifikia begani. Ananyoosha mkono, nami namzungushia waya.

"Kaza kidogo," anasema.

Ninalegeza.