Honi za Alhamisi

Ardis Vanderploeg alipoambiwa kwamba meno yake ya mbele hayaokoleki, hakufikiria sura yake. Alifikiria tuba.

Alikuwa akilipuliza tuba katika beni ya mji wa Kettle Bend, huko Iowa, tangu alipokuwa msichana wa shule, na sasa nywele zake zote zilikuwa nyeupe. Tuba ndilo tarumbeta nene kuliko yote. Humkalia mpigaji mapajani kama mtoto aliyeshiba, na mlio wake huusikii masikioni sana, unausikia tumboni. Kila Alhamisi ya kiangazi, jua likishapoa, beni huketi kwenye kibanda kilichoko mbele ya mahakama, na watu huegesha magari kuuzunguka uwanja. Wenye watoto hutandika mablanketi kwenye nyasi. Wazee hubaki ndani ya magari, vioo wameshusha, bisi mapajani. Wimbo ukiisha, hao hawapigi makofi. Hupiga honi.

Siku za kazi Ardis alichanganya rangi na kuchonga funguo katika duka la vifaa vya ujenzi. Mumewe, Merle, alikuwa ameshafariki, na watoto walihamia jiji la Des Moines. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viganja vipana, na hakuna kitu alichokichukia kama kuonewa huruma. Ndiyo maana hakwenda kwa daktari wa meno wa palepale mjini, ambaye chumba chake cha kungojea kilijaa umbea kuliko wagonjwa. Aliendesha gari akapita mashamba ya mahindi mpaka mji mwingine kabisa, akang'olewa meno na mtu asiyemjua, akarudi na kitambaa mdomoni, akijisifu moyoni kwamba hakuna aliyemwona.

Alipoingiza gari uani, jirani yake, LaVonne Tibbs, alikuwa ameshaketi kwenye ngazi za nyumba ya Ardis, sufuria ya supu ya kuku magotini.

"Pole, shoga," alisema LaVonne. "Nyama nimeisaga. Hutatafuna chochote."

Ardis alisogeza kitambaa kidogo tu. "Nani kakwambia?"

"Yule binti wa mapokezi kwa daktari si kaolewa na mpwa wake Gaylord, yule kiongozi wenu wa beni? Kampigia mama mkwe simu kuuliza kama wewe ndiye yule wa tuba. Na mama mkwe nilikuwa naye saluni."

"Kwa hiyo saluni nzima inajua."

"Saluni, na waliopita benki mchana. Usinune, bwana. Watu wanakupenda."

"Basi wanipende kimya kimya," alisema Ardis. Akapokea sufuria, akaingia ndani, akausukuma mlango kwa kisigino.

Juma lile ililetwa supu nyingine, ukaletwa mtindi, zikaletwa ndizi za kuponda. Dukani waliingia watu wasio na ukuta wa kupaka, wakasimama mbele ya makopo ya rangi wakimchungulia mdomo. Mwishowe akaja Gaylord Hruska mwenyewe, kiongozi wa beni, mwalimu mstaafu wa muziki, mtu mwembamba aliyezoea kusema akiwa amefumba macho.

"Ufizi ukipona utavaa ya bandia, dada Ardis. Utarudi tu."

"Gaylord, mdomo wa mpiga tuba si mlango wa banda la kuku, useme bawaba ikivunjika unapigilia nyingine. Tafuta mtu."

"Mtu simpati. Nitaacha pengo."

"Acha."

Alilitamka kwa ukali, lakini Gaylord alipotoka, Ardis aliegemea mashine ya kuchanganyia rangi kwa muda. Hakuwahi kujiuliza angekuwa nani siku ya Alhamisi bila chuma kile mapajani; sasa alijiuliza.

Alhamisi ilipofika alijifungia nyumbani. Alifunga madirisha yote, joto lote lile, akaifungulia televisheni sauti mpaka juu. Kazi bure. Nyumba yake ilikuwa mtaa mmoja tu nyuma ya mahakama, na beni ya Kettle Bend haizuiwi na kioo. Akasikia wimbo wa gwaride waliouzoea kufungulia onyesho. Katikati ya gwaride lile vyombo vyote hunyamaza, na tuba hushuka peke yake, pum, pum, pum, pum, kama mtu mnene anayeteremka ngazi akichungulia hatua zake. Ardis aliijua sehemu hiyo kama anavyoijua swichi ya taa chumbani kwake. Gaylord hakumpa mtu mwingine. Mahali pake kikaja kimya.

Ndani ya kimya kile ikalia honi moja, kavu, yenye mafua. Ilikuwa ya gari la mizigo la Orville Nystrom, mzee mwenye masikio mabovu, ambaye kila mara hudhani wimbo umekwisha. Watu wakacheka. Gwaride likarudiwa, kimya kikaja tena, na safari hii zikajibu honi nyingine kadhaa, kwa makusudi. Liliporudiwa kwa mara ya mwisho ulilia uwanja mzima, kila gari na honi yake.

Kwanza Ardis alilia kidogo. Kisha akakereka: honi zilikuwa zikiutangulia mdundo.

"Wanakimbilia wapi?" aliiuliza televisheni.

Akatoka na malapa miguuni, aproni kiunoni, kitambaa amekibana mdomoni. Alipofika uwanjani alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la Orville.

"Nikikunyooshea mkono, bonyeza. Nisipokunyooshea, usiguse huo usukani."

Orville alimtazama. "Umekuja bila meno, Ardis."

"Na wewe umekuja bila masikio. Macho unayo?"

"Ninayo."

"Basi nitazame."

Akaenda akasimama kwenye nyasi, kati ya kibanda na magari, beni akaipa mgongo. Gaylord aligonga kijiti chake, akaanza gwaride upya. Kimya kilipokuja, Ardis aliunyooshea mkono upande wa posta, wakalia. Akaugeukia upande wa benki, wakalia. Upande wa kanisa la Walutheri nao wakalia, mahali pake hasa. Akamnyooshea Orville. Orville akamtazama, akatabasamu, akapunga mkono kumsalimu, na ndipo akakumbuka kubonyeza, beni ikiwa imeshasonga mbele.

Uwanja ulivunjika mbavu. Ardis alicheka kuliko wote, ameinama, mikono magotini, kitambaa kimeanguka kwenye nyasi, ufizi wazi mbele ya mji mzima. LaVonne alikuja na kiti chake cha kukunja akakiweka karibu naye, na hakuna aliyeitaja tena supu.

Meno ya bandia yalikuja, na alijaribu. Kila jioni alifunga mlango akapuliza, na pumzi ikavujia pembeni kama tairi ya baiskeli iliyotoboka. Mwisho aliliweka tuba kwenye sanduku lake bila kununa sana.

Majira ya kupukutika majani yalipoanza, alikuja dukani Efraín Salgado, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama, kununua rangi nyeupe ya jikoni.

"Mama, nasikia unalo tuba," alisema. "Kwetu Sinaloa, huko Mexico, nililipiga harusini mpaka kunakucha."

Ardis alilifuata nyumbani saa ya chakula. Efraín akapangusa mdomo wa tuba kwa shati, akapuliza palepale, makopo yakatetemeka rafuni.

"Mbona unacheza huku unapiga?" aliuliza Ardis.

"Nisipocheza halilii."

Kiangazi kiliporudi, Efraín aliketi na tuba lile kwenye kibanda cha beni. Gaylord alilalamika kwamba magwaride yake sasa yanasikika kama karamu, lakini alilalamika macho wazi, akitikisa kichwa kwa mdundo. Ardis aliendelea kusimama kwenye nyasi na magari yake. Jumapili alikwenda kwa akina Salgado kumfundisha Efraín nyimbo za zamani, na mke wake, Rosaura, akimlisha tamale laini za unga wa mahindi, za kumeza tu.

Mwaka uliofuata binti yao aliolewa, na beni nzima ikapiga. Ardis alicheza na babu ya bibi harusi, mzee aliyekuja kutoka Mexico na asiyejua neno moja la Kiingereza. Alimkanyaga mara kwa mara, na yeye akamkanyaga. Miguu ilipomuuma alivua viatu, akavitupa chini ya meza, akarudi kucheza.