Gitare Lililolaliwa na Kuku

Ukishuka ziwani mapema, kabla jua halijakaza, utawakuta akina mama wameinama kwenye mawe wakiosha matumbo ya mbuzi. Wanayageuza ndani nje, wanayakwangua, maji yanakuwa ya kijani, na harufu inapanda mpaka barabarani. Wapita njia huziba pua na kuharakisha. Mimi husimama. Tumbo langu hujikunja kama zamani, mate machungu hunijaa kinywani, na bado nasimama, huku vidole vya mkono wangu wa kushoto vikitafuta kitu cha kubonyeza.

Nawasimulia ninyi kwa sababu watu wa nyumbani wamekwisha kuchoka na habari hii.

Nilikuwa mtoto wa kinyaa. Nilichukia utando unaoganda juu ya maziwa ya moto. Nilichukia unywele kwenye sabuni, na macho ya ndagala walionitazama kutoka kwenye sahani kana kwamba mimi ndiye niliyewavua. Mtu mwingine akimega bugali upande wangu, sikula tena. Mama, aliyekuwa akiuza vitenge Kamanyola na kurudi nyumbani mwisho wa juma, alinicheka. Koko, mama mzaa mama, ambaye nilikaa naye Kilibula, hakucheka. Kwake huo ulikuwa ugonjwa, na dawa yake ilikuwa kazi. "Kinyaa haishibishake mutu," alikuwa akisema, kisha ananikabidhi kitu kibaya kuliko vyote vilivyokuwamo uwanjani siku hiyo.

Ndivyo nilivyopewa kibanda cha kuku. Tulikuwa tumehamia nyumba ya kupanga, na kibanda hicho tulikikuta pale nyuma ya jiko. Wapangaji waliotutangulia wote walikuwa wamefuga humo, na sidhani kama kuna aliyewahi kufagia. Koko alinipa jembe dogo, akanifunga kitambaa usoni, akaenda kuchambua maharage yake kivulini kama mtu aliyemtuma mtoto dukani.

Mavi ya kuku yakikaa miaka huwa si mavi tena, huwa sakafu. Nilichimba tabaka jeupe nikakuta jeusi, nikachimba jeusi nikakuta la kijani, lenye unyevu, na hilo ndilo lililonuka. Utitiri ulinipanda mikononi ukafika shingoni. Yai lililooza, sijui lilikuwa la kuku gani wa zamani, lilipasuka chini ya jembe na kunirukia kwenye sketi. Nilikuwa nalia bila sauti, kwa sababu kufungua mdomo kungekuwa kuonja.

Kuku walikuwa wakilala juu ya ubao mmoja uliolazwa kwenye mawe mawili. Nilipouvuta, niliona una shingo. Halafu nikaona una tumbo pana, na katikati ya tumbo tundu la mviringo, na ndani ya tundu kiota cha panya: vitoto vyekundu visivyo na manyoya, vikijinyonganyonga kama vidole vilivyokatwa. Nikatapika palepale. Hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichokipa chombo kile.

Koko alikuja. Hakuangalia matapishi wala panya. Aliinama, akaligonga lile tumbo kwa kifundo cha kidole, na kutoka ndani ya uchafu wote ule kukatoka sauti nzito, ya chini, kama mtu mzima anayeitika akiwa chumba cha pili.

"Kuni haiitikake hivi," alisema. "Leta maji ya moto."

Tulilisugua kwa majivu, tukalisugua kwa mchanga wa ziwani, tukalisugua kwa ndimu. Maji ya kwanza yalitoka kama mchuzi wa sombe, majani ya muhogo, uliochacha. Mimi nilisugua nimegeuza uso pembeni. Lakini kidogo kidogo mti ulianza kuonekana, mti wa mvule wa rangi ya kahawia, umechongwa kwa mkono. Ukipapasa mgongo wake ulisikia mahali randa ilipopita na mahali mtu aliporudia kwa msasa mpaka aliporidhika. Lilikuwa gitare la besi, kubwa kuliko mimi, lenye vigingi vinne vya kukazia nyuzi na hata uzi mmoja haukuwa umebaki. Shingoni halikuwa na vile vichuma vinavyokatiza ili kuonyesha vidole pa kukaa. Shingo ilikuwa laini kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mpini wa kasia.

Jirani yetu aliyechungulia juu ya ua alilitambua mara moja. Alisema ni la Shindano, seremala aliyewahi kukaa nyumba ile. Alilichonga mwenyewe akalipiga katika mabaa ya huku kando ya ziwa, kisha akaokoka, akahama. Siku hizi ni pasta kule Nyamianda, ana kanisa lake la mabati.

"Na sauti yake?" Koko aliuliza.

"Ilikuwa inateleza, mama. Kama mutu iko anashuka mulima na haina haraka."

Nyuzi za dukani hatukuwa na namna ya kuzipata. Koko alisema hazitafutwi dukani. Baba yake alikuwa mpiga inanga katika bonde la Ruzizi, lile zeze la kulazwa mapajani, na nyuzi za inanga Koko mwenyewe alizisokota tangu akiwa na umri wangu. Alingoja sikukuu. Jirani alipochinja mbuzi, Koko alirudi na beseni limefunikwa jani la mgomba, akaniita kwa sauti tamu. Nilipaswa kushtuka kwa utamu ule.

Sitawapitisha kote. Nitasema tu kwamba utumbo wa mbuzi ukiwa bado na joto huteleza mkononi kana kwamba una mahali pa kwenda. Nilikamua kilichokuwamo. Nilikwangua kwa ubavu wa kijiko mpaka utando laini ukatoka wote, nao ulitoka kama kamasi, na kila nilipodhani umekwisha, Koko alisema, "Bado." Tukauloweka kwenye maji ya majivu. Kesho yake ulinuka vibaya zaidi. Tukausokota ungali mbichi, yeye kwake mimi kwangu, mmoja kulia mmoja kushoto, tukaufunga kati ya mipapai miwili ukauke. Mainzi yalizifunika zile kamba mpaka zikaonekana zina manyoya. Jirani alihamisha kiti chake upande wa pili wa nyumba. Mama aliporudi kutoka Kamanyola alisimama mlangoni, akavuta pumzi moja, akauliza nani amekufa.

Lakini zilikauka. Zilikauka zikawa ngumu, za rangi ya asali, na zilipokazwa kwenye vigingi Koko alinikalisha kwenye kibao, akaniwekea gitare tumboni, akasema, "Gusa."

Nilivuta uzi mnene kuliko yote. Sikuusikia masikioni kwanza. Niliusikia tumboni, palepale palipozoea kujikunja, kisha kwenye meno, kisha miguuni. Nilivuta tena. Niliteleza kidole shingoni, na sauti ikateleza pamoja nami, ikapita katikati ya noti na noti, mahali ambapo vinanda vya shule havifiki. Hakukuwa na kichuma cha kunikataza. Ukikosea, sauti sahihi ilikuwa jirani tu, ukiisogelea kidogo ilikupokea. Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Tangu siku ile nilitoka shule mbio. Nilitafuta nyimbo za misa moja moja kwa sikio, Koko akiimba sauti ya juu huku akipeta mchele, mimi nikimfuata chini.

Nyuzi zile ziliendelea kunuka. Mikono ikizipasha joto, mbuzi alirudi. Mchana mmoja nilishtuka nikiwa katikati ya chakula: nilikuwa nimekula bugali nusu sahani kwa vidole vyenye harufu ya utumbo, na ndagala nimekwisha kuwamaliza, macho na yote. Koko alinitazama, akaendelea kula.

Habari zilifika Nyamianda. Jumamosi moja mchana, mwanaume mrefu aliingia uwanjani kwetu amevaa kostimi ya bluu, suti ya mahubiri, na viatu vinavyong'aa, Biblia ya zipu kwapani. Nilikuwa napiga. Nikaacha.

"Nasikia ile kitu yangu iko hapa," alisema.

"Karibu, Pasta. Ikala kwanza," Koko alimjibu bila kuacha kupeta mchele wake.

Alipangusa kiti kwa kitambaa cheupe cha mfukoni ndipo akakaa, ukingoni.

"Mama, minye njo nilitengeneza ile kitu. Nilikuwa mu zambi. Imepiga mu mabaa yote ya hapa. Wanaume walikuwa wanakunywa mpaka wanasahau watoto yabo. Walikuwa wanajitapikia, na minye ninaendelea kupiga." Alikunja mdomo. "Nikiikumbuka, roho inanichafuka. Nimekuja kuibeba niichome moto."

"Tuliikuta mu mavi ya kuku," Koko alisema.

"Njo mahali yake."

"Mavi ya kale hayanuki, Pasta."

"Ya ile inanuka mpaka leo."

Nililikumbatia gitare. Nilimtazama Koko nikitaka amfukuze, maana niliwahi kumwona akiwafukuza watu wakubwa kuliko yule. Hakumfukuza.

"Ni yako," alisema taratibu. "Siwezi kukukatalia kazi ya mikono yako. Lakini huyu mutoto amejifunza bila mwalimu. Mupigie mara moja tu, asikie vile inapaswa. Kisha ubebe."

Alisita. Kisha akalichukua kwangu kwa vidole viwili, vile mtu anavyomwinua panya aliyekufa. Akanusa.

"Hii nyuzi ni ya nini?"

"Ya mbuzi," nilisema. "Utumbo."

Uso wake ulikunjamana mpaka macho yakapotea, na moyoni nilifurahi. Ila mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kushika kigingi. Alikaza huu, akalegeza ule, ameinamisha sikio. Kisha akapiga.

Ndugu zangu, kile nilichokuwa nikikifanya mimi kilikuwa kugonga mlango. Yeye aliingia ndani. Sauti ilishuka kwa raha, ikasimama mahali, ikatetemeka, ikashuka tena. Kiatu kinachong'aa kilipiga vumbi la uwanja wetu. Kwapa lililegea, Biblia ikateremka mpaka kwenye paja na yeye hakuiona. Jirani alitokeza kichwa juu ya ua na safari hii hakuziba pua. Koko alikuwa ameacha kupeta.

Halafu akakata, katikati ya wimbo, kama mtu aliyeitwa jina. Alinirudishia gitare bila kunitazama. Akachomoa kile kitambaa cheupe, akapangusa kidole kimoja kimoja, mpaka katikati ya vidole, mpaka chini ya kucha, kisha akakitupa chini, kwenye vumbi.

Hapo nilipandwa na kinyaa ambacho sijawahi kukipata tena. Hakikuwa cha pua. Nilimwona yule mtu mzima, na mikono yake iliyotoka kufanya kitu kizuri kuliko chochote nilichowahi kusikia, anaipangusa kama aliyeshika kinyesi. Vile vitoto vya panya havikunichafua roho namna ile.

Alisimama. Mimi nilianza kubonyeza nyuzi tena, kwa hasira tu, ili nimwonyeshe. Alikuwa amefika karibu na lango. Akarudi.

"Gumba yako iko inafanya nini kule juu?" Alinishika dole gumba, akalishusha nyuma ya shingo ya gitare, akalisukuma mpaka likatulia. "Ikae hapa. Mukono itatembea." Kisha akamgeukia Koko. "Muichome, mama. Leo leo."

"Ndiyo, Pasta," Koko alisema.

Aliondoka kwa mwendo wa haraka, kama aliyesahau kabisa kwamba alikuja kulibeba. Koko aliokota kitambaa, akakiangalia. Kilikuwa kitambaa kizuri. Alikifua, tukakitumia kupangusia nyuzi.

Hatukulichoma, na hakurudi kuuliza. Kanisa lake lilikuwa umbali wa kutembea tu, na gitare halina siri, linasikika. Nimelipiga kwenye shorale, kwaya ya parokia, ujana wangu wote, baadaye kwa nyuzi za chuma. Na miaka yote hiyo nilimsimulia Pasta Shindano kama mtu wa kuchukiza, nikiigiza alivyokuwa akipangusa vidole, na watu walicheka.

Mwaka jana nilianza kumfundisha msichana mmoja wa shorale. Aliweka dole gumba juu ya shingo, na kabla sijafikiri mkono wangu ulikuwa umekwisha kulishika na kulishusha. Sikuweza kuliacha kule juu. Mkono wangu ulibaki juu ya wake hata mtoto akaniuliza kama amekosea.

Mtu anayekichukia kitu hajali gumba la mtoto linakaa wapi. Yule mtu alikuwa na mikono yenye nguvu, na alikuja na nia. Angelibeba, angelichoma mbele ya waumini wake wamshangilie. Badala yake aliiacha kazi hiyo kwa bibi mmoja aliyekuwa amesokota utumbo wa mbuzi kwa ajili ya gitare hilo, bibi ambaye hata kipofu angejua kwamba hatawasha kiberiti. Koko aliyajua hayo palepale, ndiyo maana alijibu kwa upole vile. Mimi niliona kitambaa tu.

Kutuomba tulitunze, asingeweza, na kostimi ile mwilini. Akatuomba tulichome.