Siri ya Shimo la Tatu

Ukitaka karatasi iandikwe vizuri mjini Butembo, watu watakutuma kwa Mama Kahongya, mwenye ofisi ndogo ya kuchapa karibu na soko. Ana kompyuta moja, imprimante ya kuchapia inayokohoa, na sifa ambayo mwenyewe hachoki kuisikia: alifanya kazi miaka tisa kwa avocat, wakili mmoja wa Beni, na hakuna mkataba asioujua. Ya nyumba, ya mashamba ya kakao, ya ndoa zilizoharibika, yote imepita mikononi mwake. Ni mmoja tu unaomnyima raha.

Miaka miwili iliyopita alikuja Melchior, patron wa mashimo ya dhahabu upande wa Mabalako, akitaka mkataba wa kutunza siri, wafanyakazi wake kumi na mmoja wautie sahihi. Kahongya alimweleza kama alivyofundishwa. Mkataba wa namna hii hausemi tu "nyamaza". Lazima utaje nani anafungwa, kwa muda gani, nani anaweza kuambiwa hata hivyo, na kwanza kabisa, siri yenyewe ni ipi.

"Siri ni gani, patron? Karatasi yenye haitaje siri, juge wa mahakama ataicheka."

Melchior alitazama mlango. Kisha akasema kwamba shimo la tatu lilianguka, kijana mmoja, Gracien, akabaki ndani, na shimo limefukiwa naye humo. Kahongya angeweza kuondoa mikono kwenye kompyuta. Hakuondoa. Aliandika jina, tarehe, kilima, yote. Aliweka hata kifungu cha kuruhusu jamaa, daktari na hakimu waambiwe, na Melchior alipomwambia, "Ile utoe," akakitoa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siku hiyo kata alikuwa yeye.

Baya zaidi lilifuata. Wafanyakazi walipokwisha kutia sahihi, na Kahongya ametia yake kama shahidi, Melchior alimleta shemasi Éliakim aziombee karatasi zile, kama watu wanavyoombea gari jipya. Kwa sheria, Kahongya alijua fika, mkataba wa kuficha kifo hauna nguvu hata ya kufunga mbuzi. Lakini ulikwisha kuombewa, naye ni mtu wa kanisa. Kuvunja neno lililopita mbele ya Mungu kulimtisha kuliko gereza.

Mwezi haukwisha, akaja mama mmoja mwembamba, Anne-Marie, ambaye watu humwita Mama Christa kwa jina la binti yake wa kwanza. Alitaka tangazo la kutafuta mtoto wake aliyepotea kwenye mashimo ya Melchior. Kahongya alilichapa upesi, ili mama yule aondoke. Hakuondoka moja kwa moja. Alirudi kila mwezi, tangazo lile lile. Naye Kahongya hana pa kukimbilia. Akichapa mkataba wa shamba, anajikuta ameandika "shimo la tatu" mahali pa mpaka. Nyimbo zikiimbwa kanisani, anasikia mtu akigonga chini ya saruji ya sakafu, polepole, kama aliyechoka. Anaogopa, na anaona aibu, na aibu ni kubwa kuliko woga.

Jumanne iliyopita Mama Christa aliingia tena, mchana kweupe, akaketi.

"Bonjour, Mama Kahongya. Uniandikie tena ile ya mutoto wangu."

Kahongya alianza kuchapa. Alipofika kwenye mstari wa kusema mtoto alionekana wapi mara ya mwisho, mikono ilikataa. Akageuza kiti.

"Mama, mutoto wako hapana potea. Alikufa. Iko mu shimo ya tatu, kwa kilima nyuma ya Mabalako. Patron Melchior alikataza batu kusema, na miye ndiye niliandika ile karatasi."

Alingoja kofi. Alitamani lije. Mama Christa alifuta tu machozi.

"Siku ya kwanza nilikuja hapa," akasema, "nilikuambia tu mutoto wangu alipotea kwa mashimo ya Melchior. Jina yake nilikuwa sijakuambia bado. Lakini weye uliandika Gracien."

Kahongya aligeukia kompyuta; jina lilikuwa pale.

"Zile karatasi niko nazo mingi kwa nyumba. Sikubandika hata moja. Nilikuwa nakuja kungoja useme."