Mchaichai Uliodekezwa

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Masasi yakajaa pakiti za chai zenye picha, mgahawa wa Haji uliendelea kunukia mchaichai. Mchaichai huo ulitoka Newala, nyuma ya jiko la Winfrida, mama yake Julia, penye mchanga mwekundu na jua kali. Watu walisema chai ya Haji ni jani la Mama Julia, naye mama huyo alipenda waseme.

Haji akataka mafungu makubwa zaidi. Sasa, mwanamke wa Newala, aliyepandisha mlima na ndoo kichwani tangu usichana, akikipenda kitu hukipa maji. Hana tunu kubwa kuliko hiyo. Winfrida akang'oa mashina karibu yote, akayahamishia Lukuledi kwa kaka yake Anselmo, bondeni, kwenye kivuli cha migomba. Huko yakanywa asubuhi na jioni. Majani yakarefuka, yakanenepa, yakalala kwa shibe.

Akaingia Masasi na mzigo uliomfunika uso.

"Shikamoo, Mama Julia. Leo umeleta shamba zima!"

"Marahaba. Chemsha, acha maneno."

Mteja mmoja akaonja, akachungulia kikombe. "Haji, mchaichai umeusahau?"

"Umo humo."

"Basi huu wa kulishia ng'ombe."

Benchi zima likacheka. Haji hakucheka. "Mama yangu, harufu ikipotea nitaweka pakiti kama wenzangu."

Winfrida akasingizia mvua, akaondoka shingo juu. Lakini alipofika Newala alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Lilibaki shina moja alilolidharau, majani membamba, ncha zimeungua jua. Akalifikicha. Harufu ikampanda hadi machoni.

Akakaa chini kuwaza. Kumbe jani lenye kiu hukusanya mafuta yake likayabana. Lililoshiba maji hutanuka tu, mafuta yakawa mepesi kama uji uliozimuliwa wageni walipozidi.

"Nimeudekeza," akasema.

Akaligawa shina lile, akapanda palepale juani. Ya Lukuledi akamwachia Anselmo, mpenda makubwa. Majani yalipokomaa alimpelekea Haji kifungu chembamba kama ufagio uliochakaa.

"Kidogo hivi, Mama Julia? Na wateja wa jioni?"

"Wa jioni wanywe ya rangi."

Haji akakinusa kile kifungu, akanusa tena, kisha akageukia jikoni. "Haya, bandikeni maji!"