Mama Matrida na Moshi wa Rukuba

Mama yangu Matrida ndiye aliyetuletea likizo. Kabla yake, kwetu Butiama likizo ilikuwa ni watoto kurudi kutoka shule na kukabidhiwa majembe. Siku moja aliona magari ya watalii yakipita na vumbi lao, akasimama katikati ya mihogo, akasema, "Hao wametoka huko kote kuja kuona vitu vyetu, halafu sisi wenye navyo tunapukuchua mahindi?" Tangu hapo, shule zikifungwa tu, anatupakia kwenye gari kama ng'ombe wa mnada na kutupeleka mahali.

Safari ya kwanza ilikuwa Bunda, kwenye barabara kuu ya Mwanza, pale ambapo nyumbu na pundamilia husogea karibu na lami bila kumdai mtu kiingilio. Mama alimkagua nyumbu mmoja kwa muda mrefu. "Mgongo umeanguka, nguvu zote ziko mbele," akasema. "Huyu mnadani nisingemnunua. Lakini hebu angalia anavyokimbia!" Iliyofuata ilikuwa Nyamuswa kwa mjomba Burito, na huko maajabu tuliyakuta zizini: mdudu mweusi akiviringisha donge la mavi ya ng'ombe lililomzidi ukubwa, kinyumenyume, kwa miguu ya nyuma. Mama, mtu mzima na rozari yake shingoni, alilala kifudifudi pamoja na binti yangu Nyangi, wakamshangilia mdudu mpaka akafika kwenye shimo lake. Mimi ni fundi wa friji mjini Musoma na sina subira na wadudu, lakini nilijikuta nami nimechuchumaa.

Basi mtu wa namna hiyo, asiyeshindwa na safari, alikuwa hajawahi kufika Rukuba. Na kisiwani Rukuba ndiko alikoolewa dada yangu Grace, kitindamimba wa mama, kwa Fred, mvuvi mwenye mtumbwi wa injini.

Sababu aliyoitoa mama ilikuwa ya heshima. Kwetu mama mkwe hakai karibu na mume wa binti yake. Hampi mkono, hali chakula mbele yake, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mtu mwingine. Sasa atakaaje naye kwenye mtumbwi mmoja, magoti kwa magoti? Fred akajitolea kumtafutia mtumbwi wa jirani. Mama akakataa: kupanda chombo cha mtu mwingine wakati mkwe ana chake ni kumuaibisha Fred mbele ya kisiwa kizima. Ukimsikiliza unaona ana haki kabisa. Ila mimi ni mwanawe wa kwanza. Akija kwangu mjini, Kamunyonge, ziwa liko pale chini linameremeta, yeye anaweka kiti na kuligeuzia mgongo, kama watu waliogombana. Mama aliogopa maji, na hakuwa tayari kiumbe chochote kijue kwamba kuna kitu anachokiogopa.

Desemba hii Grace alinipigia simu. Hakusalimia.

"Kaka Dennis, mtoto wangu anatembea sasa, na bibi yake hajawahi kukanyaga kwangu. Nyumbu amewafuata, mimi hanifuati. Mwambie hivi: asipokuja Krismasi hii, na mimi Butiama sikanyagi tena. Huyu mtoto atakuwa anamwonaga kwenye picha."

Nilijua hatanii. Ukaidi wa Grace hakuuokota njiani. Niliupeleka ujumbe kama ulivyo, neno kwa neno. Mama alikuwa anakamua. Aliendelea mpaka akamaliza, akafunika maziwa, ndipo akasema, "Mwambie Fred alete huo mtumbwi. Tutaona atanikalisha wapi."

Kumbe Fred alikuwa ameshalifikiria hilo. Tulipofika mwaloni Musoma, mitumbwi inapotia nanga, asubuhi, tulikuta ametundika kitenge kikubwa katikati ya mtumbwi, kimefungwa kwenye fito mbili, pazia kamili. Upande wa mbele aliweka mto wa kukalia na jaketi okozi jipya. Yeye mwenyewe alisimama mbali, macho chini.

"Shemeji," akaniambia, "mwambie mama huko mbele ni kwake peke yake. Sitamwona, hataniona."

Mama alilitazama pazia lile, akanitazama mimi. Akapanda, akaketi, mkono mmoja kwenye rozari na mwingine umeshika ukingo wa mtumbwi mpaka mishipa ikasimama. Nilimhurumia, na wakati huohuo nilitaka kucheka.

Ziwa lilikuwa limetulia. Nyangi alikuwa anawapungia ndege wanandi waliokuwa wakipiga mbizi, na kisiwa kilikuwa kimeanza kuonekana vizuri, niliposikia sauti ya mama nyuma ya kitenge.

"Moto! Kisiwa kinaungua!"

Kweli, mbele yetu zilisimama nguzo za moshi mweusi, nene chini, zimepinda juu, zinakwenda taratibu kuelekea zilipo nyumba. Fred alitabasamu. "Shemeji, mwambie mama ule si moshi. Ni wadudu wa ziwa. Mwezi ukiwa mchanga huwaga wanatoka hivyo."

"Mama, ni wadudu!" nikapaza sauti kushinda injini.

"Wadudu gani wanafikaga mawinguni? Moshi naujua, Dennis! Nimeanza kuchoma mashamba hujazaliwa!"

"Mama, kweli—"

Sikumaliza. Mama akishaamua jambo, maelezo ya wengine humkuta ameshaondoka. Kitenge kiliraruka upande mmoja, akatokea yeye, amesimama wima juu ya ziwa analoliogopa. Akaruka nyavu, akanipita mimi, akampita Nyangi, akaketi ubavuni mwa Fred na kumshika mkono.

"Mkwe! Ongeza mwendo!"

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia moja kwa moja tangu amwoe Grace. Fred, kijana aliyelelewa vizuri, hakujua aweke wapi macho. Akakaza injini.

Kisha tukaingia ndani ya moshi. Ulikuwa unavuma na ulikuwa laini. Maelfu kwa maelfu ya vidudu vidogo vilitugonga usoni bila kuuma, vikaingia masikioni, vikajaa kwenye kilemba cha mama. Nyangi alifungua mdomo kushangilia na akachelewa kuufunga. Mbayuwayu walikuwa wakikatiza huku na huku, na chini yetu samaki walikuwa wanachapa maji kwa furaha ya karamu. Mama akakitazama kidudu kimoja kwenye kiganja chake.

Fred akamweleza mwenyewe, maana sasa hapakuwa na wa kupitishia. Wamekulia kwenye tope chini kabisa ya ziwa, akasema, halafu wanapanda wote pamoja. Wakipata mabawa wanaishi siku moja, mbili. Wanacheza, wanataga, basi.

"Wanakula nini?"

"Hawali, mama. Wanakuwaga hawana muda."

Siku nyingine angetusimamisha wote tushangae. Safari hii alipangusa macho na kuinua shingo. "Na Grace?"

"Yule pale, mama."

Grace alikuwa amesimama ufukweni, mtoto kiunoni, mzima kabisa. Mama hakungoja mtumbwi uvutwe. Alishuka palepale, maji yakamfika magotini.

Grace alimtazama mama, akamtazama Fred, akakitazama kitenge kilichoraruka. "Mama? Mbona umekaa na Fred?"

"Nilidhani unaungua."

Sauti ya Grace ilishuka. "Lakini mama, wewe si unaogopaga maji?"

Kumbe alijua. Siku zote alijua, na alichokuwa anasubiri ni mama aliseme mwenyewe. Nikamngoja mama alete mambo ya mila na ukwe. Hakuyaleta.

"Naogopa," akasema, kwa sauti ileile anayotolea amri. "Hata sasa siwezi kusogea. Nipe mjukuu wangu."

Grace hakumngoja atoke. Aliingia majini na viatu vyake, na mtoto wake, akamfuata palepale alipokuwa.