Aspirini Niliyompa Mama

Mkosaji ni mimi, simsingizii mtu. Nafundisha kemia sekondari hapa Lushoto, na elimu yangu nusunusu ndiyo iliyomzika mama.

Mama aliishi Vuga, akilima maharage kwenye mteremko. Magoti yalimsumbua mpaka ikawa kushuka shambani ni kujiburuta kwa makalio. Nikampelekea aspirini.

"Nile kwanza, mwanangu?"

"Usile, mama. Meza kila asubuhi tumbo likiwa tupu, tena kwa maji ya limau."

Nilijiona mjanja. Nilikuwa nimetoka kuwafundisha wanafunzi kwamba aspirini ikiwa kwenye asidi haibebi chaji ya umeme, na isipobeba chaji hupenya ukuta wa tumbo kirahisi. Basi nikaona asidi ikizidi, dawa itawahi kufanya kazi.

Magoti yalipata nafuu. Kila nikimpigia simu ananiombea dua. Mwezi wa pili tangu aanze dawa akasema tumbo linamchoma.

"Kiungulia tu hicho, mama. Endelea na dawa."

Akaendelea. Alipoanza kupata choo cheusi kama lami, hakuniambia. Dada yangu aliyekuwa akiishi naye alimsihi waende zahanati. Mama akamjibu, "Mwalimu amesema niendelee. Yeye kasoma."

Siku ya gulio alitapika damu, akaanguka. Tulikodi gari tukamkimbiza hospitali. Jioni haikumkuta.

Daktari akaniuliza alikuwa anatumia dawa gani. Nikamweleza yote, hata limau.

"Limau halikuongeza kitu, mwalimu," alisema taratibu. "Tumbo lina asidi yake ya kutosha. Ila ndani ya ukuta wa tumbo asidi hiyo haipo. Dawa ikishapenya inapata chaji, inanasa mle mle, inaunguza. Sasa mtu mzima kama mama, kila siku, bila chakula..."

Na mimi hilo nililisoma chuoni, nikaja kukumbuka kile kipande nilichokipenda tu.

Dada aliambiwa ni vidonda vya tumbo. Siku ya arobaini alinishika mkono akasema, "Angalau wewe ulimhangaikia." Nikaitikia kwa kichwa. Mpaka leo sijamwambia kwamba vidonda vile vilitokana na dawa yangu.

Ninyi mliosoma, mnaoaminiwa nyumbani: mzazi anayemeza dawa za maumivu akilalamika tumbo, msimtibu kwa simu. Mfuateni, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mimi kwa mama palikuwa mwendo wa saa moja tu kwa gari, na sikwenda.